Tope kwenye Mti wa Vesta

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Maana yake ni nyepesi kushika ila ni nzito kubeba. Ugonjwa haumtii aliyeufunika. Unaweza kuutandikia shuka safi, ukaufungia dirisha, ukawaambia jirani kwamba nyumbani hawajambo. Wenyewe humo ndani unaendelea na kazi yake kama mchwa ndani ya boriti. Wengi hudhani methali hii inawahusu wanadamu peke yao. Katika milima ya Apalachia, upande wa Virginia, iliwahi kumhusu mtu na mti kwa pamoja, na hadi leo watu wa bonde la Caney hawaisimulii habari hiyo kwa sauti kubwa.

Arvil Stiltner alichimba makaa ya mawe tangu ndevu zilipoanza kumwota hadi zilipoanza kuwa mvi. Mgodini alijifunza mambo mawili, kutambaa na kutokohoa. Daktari wa kampuni alipokuja kuwasikiliza vifua, wanaume walilamba asali iliyochanganywa na wiski asubuhi hiyo, wakaingia mmoja mmoja wakiwa wamejikaza kisabuni, kwa kuwa aliyekohoa mbele ya daktari alirudishwa nyumbani, na huko nyumbani hapakuwa na kazi nyingine ya kumlisha mtu. Arvil alipita kila mara. Aliendelea kujivunia jambo hilo hata mgodi ulipokwisha kufungwa, wakati wengi waliopita pamoja naye walikuwa wamelala makaburini juu ya kilima.

Nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko uliotazama kijito, palikuwa na shamba dogo la miche. Halikuwa lake hasa. Lilikuwa la mkewe, Vesta.

Vesta alikulia katika masimulizi ya michesnati, miti ya njugu iliyotawala milima ile, kama watoto wengine wanavyokulia katika masimulizi ya mashetani. Bibi yake aliuona msitu wa zamani, ambamo michesnati ilikuwa mingi kuliko mti mwingine wowote, mingine minene kiasi kwamba watu watano walishikana mikono ndipo wakaizunguka. Mwezi wa Julai ilipochanua, vilele vilikuwa vyeupe kana kwamba theluji imesahau kuyeyuka. Vuli ilipofika, njugu zilidondoka zikafunika ardhi. Nguruwe walinenepa bila kulishwa, dubu na bata mzinga wa porini walishiba, na watu wakajaza magunia. Kisha ukungu ulao gome la miti ukaja kutoka ng'ambo, umejificha katika miche iliyoletwa na meli, na kabla mtoto wa siku ile hajaota ndevu, milima yote ilikuwa imesimamisha mizoga ya kijivu. Mizizi haikufa. Kila masika ilichipua vijiti, vijiti vikapanda hadi kimo cha paa la nyumba, ukungu ukavikamata, vikafa, mizizi ikaanza upya. Msitu ukawa kama mama ambaye kazi yake ni kuzaa na kuzika.

Kwa hiyo Dreama Rasnick alipokuja na mfuko wa mbegu, Vesta hakuhitaji kubembelezwa. Dreama alikuwa mwalimu wa chuo kilichokuwa ng'ambo ya mlima, lakini alizaliwa bonde la pili tu na alijua kula mkate wa mahindi kwa mkono. Chama chake cha kufufua michesnati kilikuwa kimeufungisha ndoa mchesnati wa pale na ule wa Uchina, ambao ulizoeana na ukungu tangu enzi na enzi. Wajukuu wa ndoa ile wakaozwa tena kwa miti ya nyumbani, kizazi baada ya kizazi, hadi umbo likabaki la kwao na damu ya kigeni ikabaki tone. Tone hilo, lenye kuuhimili ukungu, ndilo lililotafutwa. Katika miche mingi ya ukoo mmoja, pengine mmoja tu ungekuwa nalo.

Vesta aliziotesha mbegu dirishani, ndani ya maboksi ya maziwa. Aliihamishia miche mteremkoni akiwa tayari amekonda, kitambaa kimefunika kichwa kisichokuwa na nywele. Mche wa mwisho, ule wa kando ya ua, aliupanda akiwa amekaa chini kwa kuwa miguu ilikataa kumbeba. Majani yalipopukutika mwaka huo, naye alizikwa. Arvil hakulia mbele ya watu. Alichukua jembe akaenda kupalilia kando ya ua.

Miaka michache ikapita, mti ule ukanyooka kama mshale, gome lake laini likang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Pembeni yake palikuwa na ndugu yake wa ukoo uleule, mti uliopinda vibaya kwa sababu paa dume aliwahi kuusugulia pembe ungali mchanga.

"Shemeji, huu nao ni mti au ni mguu wa nyuma wa mbuzi?" Hobert Mullins aliuliza siku moja. Hobert alikuwa mdogo wake Vesta, mfupi, mwenye maneno, na ulimi wake haukuwa na pazia. "Na huo mwingine mbona unaupapasa hivyo? Dada angekuona angekutaliki."

"Dada yako angekufukuza kwanza wewe, umekanyaga miche."

"Angenifukuza baada ya kunipa kahawa. Wewe hata kahawa huna."

Ndivyo walivyoishi, wanaume wawili wapweke, wakitaniana kuanzia asubuhi ili kimya kisipate nafasi ya kuketi kati yao.

Juni moja Dreama alifika na kekee ndogo na chupa yenye ukungu ndani yake. Ilikuwa siku ambayo Arvil alikuwa amejulishwa tangu zamani lakini hakuwahi kuiamini. Mti baada ya mti, Dreama alitoboa kitundu katika gome, akapachika kipande cha ukungu, akafunga kwa utepe.

"Unaitia ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, binti," Arvil alisema.

"Utakuja tu, mzee wangu. Upo hewani, upo kwenye miguu ya ndege. Afadhali uje tukiwa tunaangalia."

"Na itakayoshindwa?"

"Tutaikata. Katika kila ukoo tutabakisha mmoja, ulio na nguvu kuliko wenzake. Huo ndio utakaozaa."

"Mwalimu," Hobert alidakia, "na sisi wazee tungefanyiwa hivyo, bonde hili lingebaki na mbuzi watupu. Kwani hakuna dawa?"

"Ipo, tena ya bure," Dreama alijibu, akaupangusa mkono kwenye suruali. "Tope. Chota udongo wa chini ya mti, uukande, uubandike juu ya donda, ufunge kwa gunia. Katika udongo mna vijidudu vinavyoula ukungu. Donda litafunga. Ila juu yake litatoka jingine, na juu ya hilo jingine. Nani ana mikono ya kuufunga tope msitu mzima? Tope linatibu donda, Hobert. Halitibu mti."

Hobert alicheka. Arvil hakucheka. Alikuwa anautazama utepe kwenye mti wa kando ya ua, mahali kitundu kilipotobolewa, usawa wa kifua.

Agosti ilipoingia, matokeo yalianza kuonekana. Mti uliopinda ulikuwa umevimba kuzunguka kitundu, gome limejikunja na kukifumba taratibu, kazi chafu lakini imara, kama mshono wa fundi asiyejali urembo. Wa Vesta ulikuwa na doa la rangi ya chungwa. Arvil aliliona asubuhi moja akanawa uso, akarudi kulitazama tena. Baada ya wiki doa lilikuwa limebonyea, na gome kulizunguka limepasuka.

Mkewe alipougua, madaktari walimpa kiti cha plastiki akae nje ya mlango, na hakuna aliyempa kazi ya kufanya. Sasa palikuwa na kazi. Alipiga magoti, akachota udongo, akaumwagia maji kutoka kwenye chupa yake, akaukanda kama mwanamke akandaye unga, akalibandika tope juu ya donda. Alikata gunia kuukuu la viazi akalizungushia, akafunga kwa kamba. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi njaa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mti aliokuwa akiuuguza haukuwa wa watu wengine. Ndivyo alivyojiambia. Kabla Dreama hajarudi alilifungua gunia, akaliosha gome kwa kitambaa kilicholowa. Donda lilikuwa limefunga vizuri, kovu limenyooka, safi kuliko makovu yote ya shambani.

Msimu uliofuata akafanya vilevile, na vuli ikaleta hukumu. Dreama alipita na kipimo chake. Miti mingi ilikuwa imekwisha kukauka, hiyo haikuhitaji mjadala. Katika ukoo wa mti wa Vesta ilibaki miwili, ulionyooka na uliopinda.

"Hii yote imefunga," Dreama alisema. Akakwaruza kwa ukucha, akainama, akainuka. "Sikutarajia kupata miwili. Nafasi ni ya mmoja, la sivyo itachavushana na kunivurugia kizazi."

"Huo wa mguu wa mbuzi ondoa," Hobert alisema. "Nani atataka mlima mzima uliojaa miguu ya mbuzi?"

"Kupinda kwake si damu, ni yule paa aliyeusugua. Lakini kovu la huu ulionyooka ni safi zaidi. Sijapata kuona kovu safi namna hii." Akamgeukia Arvil. "Wewe unaishi nayo kila siku, mzee. Una neno lolote?"

Neno lilikuwepo. Lilimpanda hadi kooni, likakaa hapo pamoja na kikohozi alichokizoea. Kama angelisema, mti wa kando ya ua ungelala chini kabla ya chakula cha mchana. Aliwatazama wale wawili. Akabana pumzi, kama zamani mbele ya daktari.

"Sina," alisema.

Na kwa kuwa msumeno wa injini ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeukata uliopinda. Mti ulikuwa mgumu, ulipiga kelele kwenye meno ya msumeno. Mchesnati ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo Dreama alimpa brashi na kopo la sumu, na Arvil akakipaka kisiki kwa uangalifu, ukingo wote, hadi pasipakike tena.

Majira yaliyofuata mti wa Vesta ulichanua. Dreama aliyavisha maua mifuko ya karatasi, akayachavusha kwa mkono, na vuli wakavuna maganda ya miiba yaliyochoma vidole kupitia glavu. Kutoka katika njugu zile ilipatikana miche, na miche ilihitaji ardhi.

Hapo ndipo Hobert alipowashangaza wote. Juu ya bonde, mahali ambapo kampuni ilikikata kichwa cha mlima ili kufikia makaa, alirithi uwanda wa majani ambapo alilisha ng'ombe wake. Ng'ombe wale walikuwa maisha yake. Kila mmoja alikuwa na jina la mchungaji wa kanisa aliyemchosha. Aliwauza wote, akautoa uwanda kwa miche.

"Umerukwa na akili," Arvil alimwambia.

"Mama alikufa akisema angependa kuusikia mlima ukivuma nyuki mara moja tena. Dada akafa akisema hivyohivyo. Mialoni imejaza nafasi, sawa, lakini mwaloni ni kama binamu tajiri, mwaka huu anakupa, mwaka kesho hakujui. Vuli iliyopita dubu ameshuka hadi mlangoni kwangu, amekula takataka na mkebe wake. Dubu, shemeji. Mnyama wa heshima anayelamba sufuria langu." Akaisogeza kofia nyuma. "Nitakufa bila kuiona ikizaa sana. Lakini nitaiona ikisimama. Hilo linanitosha."

Siku ya kupanda, kanisa zima lilipanda mlimani. Wanawake walibeba masufuria ya maharage na mkate wa mahindi, siagi ya tufaha ikapakwa kwenye kila kitu. Watu walicheka siku ile. Arvil alipanda miche yake kama wengine, kichwa ameinamisha, na walipomsifu kwa mti wake alisema ni kazi ya Vesta.

Mti wenyewe, wakati huo, ulikuwa unaoza kwa siri. Kama Dreama alivyosema, donda moja lilifuatwa na jingine. La pili lilitokea juu ya kichwa cha Arvil, akaleta kiti. La tatu lilihitaji ngazi. Kila kiangazi aliubeba udongo kwenye ndoo, akapanda, akabandika, akafunga, na kila Dreama alipokaribia kuja alifungua akaosha. Majirani walidhani anaupogoa. Kila mwaka kifua kilimbana zaidi, akipanda vidato vichache alikaa akisubiri pumzi irudi. Bintiye, Lou Ella, alipompigia simu kutoka mjini na kumuuliza kuhusu kikohozi, alijibu kwamba ni vumbi la nyasi. Aliweka redio karibu na simu ili akikohoa muziki umfunike.

Miche ya mlimani ilikuwa imefikia kimo cha mtu, siku Hobert alipoingia jikoni kwa Arvil bila kubisha. Mkononi alikuwa na tawi. Majani yake yalikuwa yamenyauka yakiwa bado yameshikilia, na kwenye gome palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa.

"Shemeji, njoo uone. Mstari mzima wa juu uko hivi. Hiki ni nini?"

Arvil alilishika tawi. Alikijua anachokiona kama mtu anavyoyajua maandishi ya mkono wake.

"Ukame," alisema.

"Na haya madoa?"

"Mti wenye kiu hushikwa na kila kitu. Unyweshe."

Hobert alimwamini. Angemwamini nani tena? Kiangazi chote kile alipakia mapipa kwenye lori lake bovu, akayajaza kijitoni, akapanda nayo mlimani asubuhi na jioni, akimwagia mche mmoja mmoja kwa ndoo. Mgongo ulipomuuma alijifunga mkanda na kuendelea. Jioni alipita kwa Arvil akiwa amelowa hadi kiunoni, akasema ameona kana kwamba mstari wa pili una nafuu. Arvil alimtengea kahawa, akaitikia kwa kichwa. Nafuu haikuwepo. Ukungu haukunywa maji ya Hobert, uliendelea kula.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Julai, Arvil alipanda ngazi akiwa na ndoo ya tope. Alikuwa amefunga magunia matatu, la nne likiwa mkononi, kikohozi kilipomshika. Hiki hakikukubali kumezwa. Kilimtikisa kama mbwa atikisavyo panya, hadi mikono ikaachia. Lou Ella, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alimkuta chini ya mti, mdomo una weusi na damu. Alimpeleka mjini hospitali. Daktari wa huko aliitazama picha ya mapafu, kisha akamtazama mgonjwa, akamuuliza amekuwa akipumua na nini.

Alilazwa wiki nyingi. Hakuuliza kuhusu kifua chake. Aliuliza tu lini atarudi nyumbani, na kila siku aliambiwa bado.

Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, ukoo wa Mullins hukusanyika makaburini kwa ibada ya kumbukumbu, na mwaka huo ilikuwa zamu ya Vesta kukumbukwa. Njia ya kwenda makaburini hupita nyuma ya nyumba ya Arvil. Hobert alikuja kufyeka nyasi ili wazee wapite. Aliinua macho akauona mti wa dada yake. Majani ya juu yote yalikuwa yamekauka yakining'inia. Hakuna ukame unaouacha kila mti mwingine ukiwa kijani. Kisha akayaona magunia.

Alidhani ni mzaha wa mtu. Akaisogeza ngazi iliyokuwa imelala kwenye majani, akapanda, akakata kamba. Tope lililokauka likaanguka vipande vipande. Chini yake palikuwa na kovu safi. Akafungua la pili, kovu safi. Juu ya la tatu, pale ambapo hakuna gunia, gome lote lilikuwa limebonyea na kupasuka, rangi ya chungwa imeuzunguka mti kama pete. Hobert alishuka polepole. Hakuwa mtu wa masomo, lakini alikuwepo siku Dreama aliposema habari ya tope, na yeye ndiye aliyecheka.

Siku ya ibada Arvil aliletwa na Lou Ella, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mtungi wa hewa mapajani na mrija puani. Watu walimsalimu kwa huruma. Dreama alikuwepo, kwani Hobert alikuwa amemwita. Mchungaji alikuwa bado hajafika. Kutoka makaburini uwanda wa Hobert ulionekana wazi, na hakuna aliyeweza kujizuia kuutazama: mistari na mistari ya vijiti vya kahawia katikati ya mlima wa kijani.

Hobert aliweka vipande vya gunia juu ya mapaja ya Arvil, kando ya mtungi.

"Nimekufyekea njia, shemeji," alisema. Hakupaza sauti. "Nikakuta nguo zako."

Arvil aliyatazama magunia. Hakuyagusa.

"Mzee," Dreama alisema, akachuchumaa mbele yake, "nataka kujua jambo moja tu. Ulianza lini kuufunga?"

"Ilikuwa zamani."

"Kabla ya kuukata ule uliopinda, au baada?"

Upepo ulikuwa umetulia. Mtungi ulitoa mlio wake mdogo kila alipovuta pumzi. Angeweza kusema baada. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Kabla," Arvil alisema.

Dreama aliinama hadi paji la uso likagusa goti lake. Alipoinuka hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Lou Ella alimuuliza maana yake ni nini, kwa kuwa yeye hakuelewa, na Dreama akamweleza kwa maneno machache, na waliosimama nyuma wakasikia.

"Ule uliopinda ulijifunga wenyewe. Tone la damu tulilokuwa tunalitafuta lilikuwa ndani yake. Hatukuchukua hata njugu moja. Huu tuliouacha haukuwa na kitu, na ndio mama wa yote mnayoiona kule juu."

"Na mimi nikainywesha," Hobert alisema.

"Hobert," Arvil alianza. "Aliupanda akiwa amekaa chini. Nisingeweza..."

"Najua alivyoupanda. Mimi ndiye niliyemshika mgongo." Hobert alivua kofia, akaivaa tena. "Kama ungeniambia kwamba unataka mti wa dada ubaki, ningepiga magoti mbele ya mwalimu nikamwomba. Angekataa, ningelala chini ya msumeno. Ungebaki mti wa kumbukumbu, na ule mwingine ukabaki wa kuzaa. Palikuwa na nafasi ya kusema. Hata mwaka jana jikoni palikuwa na nafasi. Ukanipa kahawa."

Mchungaji alifika, akaanza wimbo wa zamani, akitamka mstari mmoja na watu wakiuvuta baada yake kwa sauti ndefu za huzuni kama ilivyo desturi yao. Wanawake walilia. Kila mwaka walimlilia aliyekumbukwa, lakini safari hii macho yao hayakuwa kaburini. Walilia wakitazama ng'ambo, mlimani. Hobert hakuimba.

Baada ya ibada Dreama alimwambia kwamba chama kingemletea miche ya ukoo mwingine, kutoka wilaya nyingine, ikipatikana; pengine miaka minane, pengine kumi.

"Mpe mtu mwenye miaka hiyo," Hobert alijibu. "Mimi yangu niliimwaga kwa ndoo."

Wiki iliyofuata alikuja na msumeno kuukata mti wa kando ya ua, kwa kuwa mti uliokufa karibu na njia ni hatari. Arvil aliomba kiti chake kisogezwe karibu. Hobert alikisogeza, akahakikisha magurudumu hayatelezi, akaenda kufanya kazi. Utani uliokuwa ukiwaamsha kila asubuhi haukurudi. Alipomaliza aliziburuta kuni hadi kwenye lori lake, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya juu.

Vuli ile mialoni haikuzaa. Dubu walishuka mapema. Juu ya uwanda magugu yaliimeza mistari mmoja baada ya mwingine, na aliyepita pale bila kujua angedhani hapajawahi kupandwa kitu. Arvil alikufa kabla ya theluji, kwa maradhi ambayo aliyaficha kwa ustadi maisha yake yote, na waliokuja kumzika walikuwa wachache. Hobert alikuja. Alisimama nyuma, kofia mkononi, akatupa udongo wake kaburini kama desturi inavyotaka, kisha akaitazama mikono yake iliyopakaa tope kwa muda mrefu kabla ya kuipangusa. Alikuwa amezika dada, shemeji na mlima, na katika vifo hivyo vitatu viwili vingeweza kusubiri iwapo mtu mmoja angefungua kinywa. Ndiyo maana wahenga hawakubishana na jambo hili, nasi hatuna la kubishana nao: mficha maradhi, kilio humuumbua.